Cheza Zapin Bila Kuvukwa na Samping

Umealikwa kucheza zapin, ngoma ya Kimalei. Labda ni usiku wa utamaduni chuoni kwako Kuala Lumpur, labda ni harusi ya rafiki Johor Bahru. Hatua umeshafundishwa. Imebaki nguo, na nguo za ngoma za Kimalei hazitaki kuvaliwa ovyo.

Kwanza uliza kundi lenu linacheza nini hasa. Zapin ina asili ya Hadhramaut. Ukitoka pwani hata ala zake hutazishangaa: gambusi na marwas. Mavazi yake ni ya stara, hayabani. Joget, ngoma nyingine ya Kimalei, ina damu ya Kireno na mwendo wake ni wa haraka. Wanawake wengi huichezea kebaya, blauzi inayoshika mwili. Usikodi chochote kabla hujapata jibu.

Mwanamume, vazi lako ni baju Melayu: shati pana la mikono mirefu na suruali ya rangi ileile. Tazama shingo. Yenye kola iliyosimama ni cekak musang, kwa kawaida ina vifungo 5. Isiyo na kola, yenye kifungo kimoja tu, ni teluk belanga, vazi la Johor. Shingo hiyo ndiyo inayoamua samping, kitambaa cha kiunoni, ikae wapi. Kwa cekak musang, samping hufungwa juu ya shati. Kwa teluk belanga, hufungwa ndani na shati likaachwa juu yake. Ukichanganya, wenyeji wataona kabla hujapiga hatua ya kwanza.

Samping ndiyo kazi yenyewe. Ni kitambaa kinachozunguka kiuno juu ya suruali na kuishia karibu na magoti. Kama umezoea kuvaa saruni nyumbani, mikono yako inajua nusu ya shughuli. Ingia ndani yake, ipandishe hadi kiunoni. Ibane kwenye nyonga moja, kisha vuta kitambaa chote kilichozidi upande wa pili mpaka kikaze. Kirudishe mbele kwa mkunjo mmoja mpana. Shika vizuri, viringisha ukingo wa juu mara mbili au tatu.

Nyumbani ungeishia hapo. Jukwaani, ongeza lastiki pana chini ya ule mviringo, na pini mbili kwa ndani.

Sasa ijaribu. Chuchumaa, inuka, zunguka, rudi kinyumenyume. Zapin inakunja magoti sana. Ikilegea hata kidogo, fungua uanze upya. Usiivutevute tu ukadhani imekaa.

Ukipewa samping ya songket, iheshimu. Hiyo imefumwa kwa nyuzi za dhahabu au fedha, na mafundi wa Terengganu na Kelantan wanasifika kwayo. UNESCO iliiingiza songket ya Malaysia kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni mwaka 2021. Usiikunje, izungushe kwenye bomba la karatasi ngumu. Mashine ya kufulia isiione. Na kama ni ya kukodi, ikague nyuzi zilizokatika mbele ya mwenyewe kabla hujalipa.

Vifungo vya cekak musang mara nyingi huchomolewa, na vikilegea vinadondoka. Vikaze kimoja kimoja. Songkok, ile kofia nyeusi ya mahameli, ijaribu kwa kuinamisha kichwa. Ikishuka machoni, tafuta nyingine.

Mwanamke, baju kurung ni gauni fupi pana linalofika magotini, na sketi ndefu chini yake. Inua mikono yote miwili: kwapa likivuta, omba saizi kubwa zaidi. Sketi iishie kwenye kifundo cha mguu, kwa sababu ikiburuta utaikanyaga wakati wa kurudi nyuma. Marinda yake hukaa upande mmoja. Kubalianeni kundi zima ni upande gani. Ndani vaa taiti.

Selendang, yaani mtandio, ikipita begani, ichome pini mbele na nyuma. Pini moja haitoshi, itageuka kamba ya kukukaba. Nywele hufungwa fundo kisogoni. Kama umesuka rasta, kaza zaidi maana zina uzito. Anayevaa hijabu achomeke maua juu yake, inapendeza vilevile.

Kuhusu rangi: njano ni rangi ya ufalme kwa Wamalei. Kama mgeni rasmi ni sultani au mtu wa nasaba yake, uliza waandaaji kabla hujaichagua.

Fanyeni zoezi moja kamili mkiwa mmevaa kila kitu, siyo usiku wenyewe wa onyesho. Na beba pini za ziada. Kuna mwenzako atakuja kukuomba dakika tano kabla ya kuitwa jukwaani.