Mikono ya mama: malengelenge na sugu za jembe

Mama mpendwa, fungua mkono wako sasa, uangalie kiganja. Pale vidole vinapoanzia, unaona sehemu ngumu, nene kidogo? Hizo ndizo sugu. Zimetoka kwa jembe, kwa mchi wa kutwangia sombe, kwa kamba ya kufungia kuni. Wamama wengine wanazionea haya, wanaketi kwenye kliniki wakificha mikono chini ya kitenge. Hapana kuona haya. Sugu si ugonjwa. Ni ngozi yako imejitengenezea kiatu.

Lengelenge ni jambo lingine, na juu ya hilo tunataka kuzungumza na wewe.

Ngozi ya kiganja ina tabaka nyingi, moja juu ya nyingine, kama kitunguu. Mpini ukiisugua kidogo kidogo kila siku, kwa majuma mengi, tabaka ya juu inaongezeka unene. Hapo sugu inaota. Lakini mpini ukisugua kwa nguvu siku moja tu, na ngozi haijazoea, tabaka ya juu inavutwa huku, ya chini inabaki pale, zinaachana. Katikati maji yanajaa. Maji yale si usaha wala si sumu, hata kama watu wanasema hivyo. Yametoka katika mwili wako mwenyewe, nayo yanafunika nyama laini iliyo chini mpaka ngozi mpya iote. Ukiyaacha, kwa kawaida yanakauka yenyewe katika siku chache.

Nani anapata malengelenge? Si yule anayelima kila siku. Ni yule aliyeacha kulima, kisha akarudi. Na kati ya hao, wa kwanza ni mama aliyezaa. Amepumzika nyumbani, na hilo ni jambo zuri, hatusemi kinyume. Lakini sugu isiyo na kazi haikai. Kwa majuma machache mkono unarudi kuwa laini. Halafu mwezi wa kenda unafika, mvua zinaanza huku Kivu, majirani wamekwisha kupanda maharagwe. Mama anasema, shamba langu litabaki pori! Anashika jembe asubuhi mpaka saa sita, sawasawa na mwaka jana. Jioni anarudi na malengelenge manne, mawili yamekwisha kupasuka. Na mkono ule ule usiku unamsafisha mtoto, unashika ziwa, unakoroga uji.

Kwa hiyo, mama, rudi shambani polepole. Siku ya kwanza lima saa moja tu, kisha fanya kazi nyingine: kupanda, kuokota majani, kubeba. Siku za kufuata ongeza kidogo. Katika majuma mawili au matatu mkono utakuwa umepata ngozi yake tena. Tunajua kwamba shamba halingoji, na mvua pia haingoji. Lakini mama ambaye mikono yake imechubuka siku ya kwanza atakaa juma nzima bila kulima, na hapo hasara ni kubwa zaidi. Inafaa baba wa nyumba asikie maneno haya vilevile. Umsomee.

Angalia na jembe lenyewe. Mpini mpya una nyuzi za mti zinazokwaruza. Uulainishe kwa kipande cha chupa iliyovunjika, ukikwangua kuelekea mbali na mwili wako, kisha uupake mafuta na kuufuta vizuri mpaka usiteleze. Kama jembe linacheza kwenye mpini, likaze kwa kabari. Jembe linalocheza linakulazimisha kukamata kwa nguvu sana, na kukamata kwa nguvu ndiko kunakochuna ngozi. Mpini mnene kupita kiasi ni vilevile: ukiushika, vidole vikaribie kukutana na kidole gumba. Mara nyingi jembe la nyumbani limetengenezwa kwa mkono wa mwanaume, na mke analitumia hivyo hivyo. Muombe akupunguzie mpini.

Mikono yenye jasho inachubuka upesi. Jifute kwa kitambaa kila mara. Wengine wanafunga kitambaa kwenye kiganja, na hiyo ni akili, lakini kitambaa kisiwe na mikunjo, sababu mkunjo nao unasugua. Soksi ya zamani iliyokatwa upande wa vidole inafaa kuliko kitambaa. Na ukisikia mahali panaanza kuwa moto, simama hapo hapo. Ule moto unakuja kabla ya lengelenge. Ni wakati wa kubadilisha mkono au kuweka jembe chini. Ukisema "nimalize mstari huu kwanza," umekwisha kuchelewa.

Sasa lengelenge limetoka. Utafanya nini?

Kama halijapasuka, usilitoboe. Osha mikono kwa maji safi na sabuni, kausha, funika kwa kitambaa safi kisichobana. Kitambaa kiwe kimechemshwa, kimeanikwa juani, na kupigwa pasi kama unayo. Kama lengelenge ni kubwa, limekaza, na linakuzuia kufunga mkono, njoo kwenye kituo cha afya. Muuguzi atalitoboa pembeni kwa sindano iliyo safi kabisa. Hapana kutumia mwiba, wala pini ya kitenge, wala wembe ambao jirani ametumia. Wembe na sindano vyenye damu ya mtu mwingine vinaweza kuleta SIDA na ugonjwa wa ini.

Kama limepasuka lenyewe, usivute ile ngozi ya juu. Iache ilale mahali pake, ni dawa kuliko dawa zote za sokoni. Osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, na sabuni. Paka vazelini kidogo, safi, funika. Badilisha kitambaa kila siku, na kila mara kinapolowa. Usiweke majivu, wala mavi ya ng'ombe, wala unga wa betri ya radio, wala dawa ya meno, wala majani yaliyotafunwa. Wazee wetu walitumia vingine vya hivyo kwa nia njema. Lakini udongo na mavi ya wanyama ndiyo makao ya mdudu wa pepopunda, ule ugonjwa ambao wengi huku wanauita tetanosi.

Siku kidonda kiko wazi, omba mtu mwingine mwenye mikono mizima apike na kuosha mtoto. Kama kidonda kina usaha, hilo ni la lazima. Wadudu wa usaha wakiingia katika chakula kilichopikwa, kisha chakula kikilala, wanatoa sumu ambayo haiondoki hata ukichemsha tena. Nyumba nzima itatapika. Na kama kuna mtoto ambaye kitovu chake hakijapona, mkono wenye usaha usikiguse kabisa. Bibi ambaye anaosha mtoto mchanga, naye ametoka shamba: aonyeshe viganja vyake kwanza, kwa heshima. Lakini kunyonyesha usiache. Osha mikono, funika kidonda, mpe mtoto ziwa.

Dalili za kuja hospitali siku ile ile ni hizi: mkono umevimba na unapiga kama moyo, usaha unatoka, kuna homa, tezi za kwapani zinauma, mstari unapanda kutoka kiganja kuelekea kiwiko. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri siku zote. Tumia mgongo wa mkono wako mwingine: gusa pale penye kidonda, gusa na pembeni, ulinganishe joto. Mwenye ugonjwa wa sukari asingoje dalili hizo, aje mapema. Na kama mtu alikuwa na kidonda, kisha baada ya siku chache au majuma mawili matatu taya linakaza, kinywa hakifunguki, shingo inakuwa ngumu, hapana kungoja asubuhi. Ni pepopunda.

Ugonjwa huo una chanjo, na mama anayechanjwa anamkinga pia mtoto atakayezaa. Kwa mwanamke ambaye hajachanjwa kamwe, tunahesabu mara 5. Ya kwanza ni mara anapofika kwetu, au mapema katika mimba. Ya pili, baada ya majuma 4 au zaidi. Ya tatu, baada ya miezi 6. Ya nne, baada ya mwaka 1. Ya tano, baada ya mwaka 1 tena. Usitupe karatasi yako. Ikipotea, tutashindwa kujua umefika wapi.

Wamama wanapenda kuuliza: sugu niikate? Hapana. Ukiikata kwa wembe, unaweza kufika kwenye nyama, na jembe la kesho litakuumiza pasipo na ngao. Kama imekuwa nene mno, inapasuka au inachuna nguo ya mtoto, loweka mikono katika maji ya vuguvugu kwa dakika 10 hivi, isugue polepole kwa jiwe laini, kisha paka mafuta ya mawese au vazelini kabla ya kulala. Usimalize yote. Mwenye kufua nguo au kulowesha mihogo kila siku apake mafuta mara nyingi zaidi, sababu maji na sabuni vinakausha ngozi mpaka inapasuka.

Neno moja bado, na tunaomba ulisome mara mbili. Lengelenge linauma, hiyo ni kawaida yake. Lakini kama umeona lengelenge, au alama ya moto wa jikoni, na hukusikia maumivu yo yote, au vidole vina ganzi, au kuna doa kwenye ngozi lisilosikia ukiligusa kwa unyoya wa kuku, njoo tukuangalie. Inaweza kuwa ukoma. Usikimbie kwa sababu ya jina hilo. Dawa zake zinatolewa bure, zinamezwa kwa miezi 6 au 12, na mtu akianza kuzimeza haambukizi tena watu wa nyumba yake. Anayekuja mapema vidole vyake vinaweza kubaki vizima. Anayejificha anaendelea kushika chungu cha moto bila kusikia, na mishipa iliyokwisha kufa haturudishi. Mlango wa uuguzi uko wazi siku za kliniki ya watoto pia, na huna haja ya kumwambia mtu kwenye foleni unakuja kwa sababu gani.