Moto Ulio Chini ya Ardhi, na Jirani Anayelipa

Somo juu ya amri ya saba

Amri ya saba yatukataza kuiba. Mtu akiulizwa wizi ni nini, mara nyingi hutaja kuku, mbuzi, baiskeli, au mahindi ya shamba la mwenzake. Jibu hilo ni sahihi, lakini halitoshi. Mtu aweza kumwibia jirani maji yake bila kufika kisimani mwake, na kumwibia hewa yake bila kuvuka ua wake. Katekisimu ya Kanisa yafundisha kwamba amri hiyohiyo yatudai kuviheshimu viumbe vyote, wanyama na mimea na vitu visivyo na uhai, kwa kuwa vimewekwa kwa manufaa ya watu waliopita, walio hai, na watakaozaliwa. Leo basi tuutazame moto unaoendesha magari na viwanda vya dunia. Watoka wapi? Na gharama yake analipa nani?

Tufahamu kwanza mafuta na gesi ni vitu gani. Zamani sana, kabla mtu hajakuwapo duniani, viumbe vidogo vya majini vilikufa vikazama, vikafunikwa na tope juu ya tope. Kwa uzito wa udongo na joto la chini, mabaki yao yakageuka kuwa mafuta na gesi. Miti ya mabwawa nayo ikawa makaa ya mawe, kama yale yaliyochimbwa Luena, upande wa Bukama, tangu siku za Wabelgiji. Hivyo vyote ni akiba ya jua la kale. Akiba hiyo ilichukua mamilioni ya miaka kuwekwa, nasi watu twaichoma kwa muda wa miaka mia mbili hivi. Ikichomwa hutoa hewa ya ukaa, ambayo hukaa angani kama blanketi juu ya mtu aliyelala. Blanketi moja ni jema asubuhi ya baridi ya mwezi wa sita. Yakiongezwa matano, mtu atoka jasho na kukosa usingizi. Ndivyo dunia inavyozidi kupata joto, na mvua kuvurugika, hata katika nchi ambazo watu wake hawana gari wala kiwanda.

Wenye kuuza gesi husema: gesi ni safi. Neno hilo ni nusu ya kweli. Gesi ikichomwa haitoi moshi mwingi, na hewa yake ya ukaa ni karibu nusu ya ile ya makaa ya mawe kwa umeme uleule. Lakini gesi hiyo, iitwayo methani, ikivuja kabla ya kuchomwa, yaongeza joto kuliko hewa ya ukaa zaidi ya mara 80, kilo kwa kilo, katika miaka 20 ya kwanza. Na visima huvuja, na mabomba huvuja, wala jicho halioni. Tena pamoja na gesi hupanda maji ya chumvi yenye uchafu wa chini, ambayo yakimwagwa ovyo huharibu mashamba na vijito. Kule Muanda, kando ya bahari, ambako mafuta ya nchi yetu huchimbwa, gesi inayotoka pamoja na mafuta kwa miaka mingi imechomwa tu hewani, usiku na mchana. Mwanakijiji wa pale aona mwali mkubwa usiozimika, na nyumbani mwake hana taa.

Sasa twende upande wa mashariki, kwenye Ziwa Kivu, kwa maana pale kuna jambo la ajabu. Chini ya maji yale kumeyeyuka methani ipatayo kilomita za ujazo 60, na hewa ya ukaa ipatayo kilomita za ujazo 300. Kwa nini isipande juu? Chukueni chupa ya Fanta iliyofungwa. Gesi imo ndani lakini haionekani, kwa sababu kizibo kinaibana. Katika ziwa, uzito wa maji ya juu ndio kizibo. Kikifunguliwa ghafula, gesi yote yatoka kwa povu. Jambo la namna hiyo lilitokea nchini Kamerun, katika ziwa dogo la Nyos, tarehe 21 Agosti 1986. Usiku hewa ya ukaa ilitoka majini, ikateremka mabondeni kwa sababu ni nzito kuliko hewa ya kawaida, nao watu wapatao 1,700 wakafa pamoja na ng'ombe wao, wengi wakiwa wamelala. Watu wa Goma wanaijua hewa hiyo, nao huiita mazuku. Hukaa katika mashimo na mabonde, na mbuzi au mtoto akiingia humo hukosa pumzi. Mlima Nyiragongo ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021, hofu ya gesi ya ziwa ilikuwa sababu mojawapo ya kuwaamuru watu wa sehemu kubwa ya mji wa Goma wahame.

Je, gesi ya Kivu iachwe au itolewe? Hapa msijibu upesi. Upande wa Rwanda, tangu mwaka 2016, mtambo uitwao KivuWatt huvuta maji ya kilindini kwa bomba, hutenga methani, huyarudisha maji chini, na kutengeneza umeme wa megawati 26. Kazi hiyo ikifanywa kwa uangalifu yaweza kuipunguza hatari ya ziwa. Ikifanywa kwa pupa, na maji yakirudishwa mahali pasipofaa, yaweza kuyavuruga matabaka yanayoibana gesi. Basi kisima si dhambi kwa kuwa ni kisima. Lakini mtu mwenye haraka ya fedha hafai kukabidhiwa chupa ya namna hiyo.

Mwezi wa Julai 2022 serikali yetu iliweka mnadani vitalu 30: 27 vya mafuta na 3 vya gesi ya Kivu. Vingine viligusa misitu mikubwa na hifadhi za wanyama. Watu wa nchi za mbali walipiga kelele, wakisema mafuta yabaki ardhini. Wakongo wengi wakajibu: Ninyi mmetajirika kwa kuchoma mafuta miaka mia, nasi mwatuambia tukae gizani? Hoja hiyo si ya kuchekwa. Mwezi wa Oktoba 2024 mnada wa vile vitalu 27 ulifutwa, na mwaka 2025 serikali ikatangaza vitalu vingine 52. Shauri bado halijaisha.

Ninyi mlio upande wa Musumba, kwa Mwant Yav, mtasema: Muanda ni mbali, na Kivu ni mbali, sisi tuna mihogo yetu. Subirini. Dunia, ikitaka kuyaacha mafuta, imekuja kugonga mlango wetu wa Lualaba. Gari lisilotumia mafuta huendeshwa kwa betri, na betri nyingi zahitaji kobalti; nyaya na mota zake zahitaji shaba. Karibu sehemu 7 kati ya 10 za kobalti yote ichimbwayo duniani hutoka Kongo, na sehemu kubwa yatoka katika migodi ya Kolwezi na Fungurume. Basi mtu wa Ulaya au wa Uchina aweza kusema: Mji wangu sasa una hewa safi. Asema kweli. Lakini uchafu haukuisha wote. Sehemu yake imehamia kwetu.

Tazameni bonde la Musonoi. Tangu miaka ya 1950 mabaki ya mawe yaliyosagwa na kuoshwa yalimwagwa kule na Kingamyambo, yakawa mlima na uwanda wa tope la kijivu lisiloota kitu. Mawe mengine yana kiberiti ndani yake. Yakifunuliwa kwa hewa na mvua hutoa asidi, nayo asidi huyeyusha madini na kuyapeleka mtoni. Samaki hufa, na bustani za mboga zilizo kando ya maji hudhoofika.

Tazameni pia Kasulo, mtaa wa watu mjini Kolwezi. Mwaka 2014 kobalti ilionekana chini ya nyumba, na kwa muda mfupi watu wakachimba ndani ya ua, jikoni, hata chini ya vitanda. Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Leuven nchini Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kuwapima wakazi. Walikuta kobalti katika mkojo na damu yao kupita sana ile ya watu wa mtaa mwingine wa jirani, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto. Mtoto hakuchimba, hakuuza, hakupokea hata faranga moja. Alicheza katika vumbi. Na tarehe 27 Juni 2019, kingo za mgodi mkubwa wa wazi karibu na Kolwezi ziliporomoka, wakafa wachimbaji wa mkono zaidi ya 40. Walikuwa wameingia bila ruhusa, ndiyo. Lakini mtu aingiaye shimo la namna hiyo akijua hatari yake, ameingizwa na njaa.

Mmoja wenu ataniuliza: Je, ni afadhali basi dunia iendelee na mafuta yake? Sisemi hivyo. Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, aliandika kwamba nguvu za makaa ya mawe, mafuta na gesi lazima ziachwe hatua kwa hatua bila kukawia. Tena sisi wa Lualaba twajua kwamba nguvu yaweza kupatikana kwa njia nyingine: mitambo ya Nzilo na Nseke, iliyojengwa juu ya mto wetu miaka ya 1950, huendesha viwanda kwa maji tu. Ninalosema ni hili: anayeponya mguu wake kwa kumvunja jirani mkono hajapona kwa haki. Kobalti yaweza kuchimbwa huku maji machafu yakisafishwa, vumbi likizuiwa, na wanaohamishwa wakilipwa kabla ya kuhamishwa. Yaongeza gharama. Gharama hiyo ailipe mwenye betri na mwenye mgodi, asiilipe mtoto wa Kasulo.

Na sheria yatusaidia, ila wengi hawaijui. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwezi wa Machi 2018 yagawanya ushuru wa madini hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji, komini, sekta au sheferi ambamo mgodi umo, na 10 huwekwa akiba kwa vizazi vijavyo. Zaidi ya hayo, kila kampuni ichimbayo yapaswa kutoa sehemu 3 kati ya 1,000 za mauzo yake yote kwa maendeleo ya vijiji vinavyoguswa na kazi yake. Kijiji chaweza kuuliza, bila matusi na bila fujo: Fedha hizo zilifika? Zimejenga nini? Mkubwa asiyependa kuulizwa swali hilo, mwulizeni tena.

Sasa tuingie nyumbani kwetu, maana si vizuri kuhesabu dhambi za makampuni peke yake. Waya mkubwa wa umeme kutoka Inga hadi Kolwezi, uliokamilika mwaka 1982, wapita kilomita zipatazo 1,700, na vijiji vingi vilivyo chini yake havina taa hata leo. Kwa hiyo twapika kwa kuni na makala. Sitamlaumu mama anayewasha mbabula yake. Watoto lazima wale bukari. Lakini tukikata msitu wote, tutakosa uyoga, asali, viwavi vya kuliwa, na maji ya chemchemi pia. Miti ya pori letu ina neema moja: kisiki chake huchipuka tena, kama hakikung'olewa wala kuchomwa. Kateni, kisha acheni kisiki. Chipukizi zikitokea, chagueni mbili au tatu zilizo imara, na wakati wa kiangazi ulindeni mahali pale na moto. Mbabula nayo ikikandikwa udongo ndani hushika joto, na makala machache hupika chungu kilekile.

Kwa wanaokaa karibu na migodi, jambo la maji. Wengi hudhani kwamba maji yakichemshwa huwa salama kwa kila namna. Kuchemsha huua vijidudu vya kuhara, na ni vema kuchemsha. Lakini shaba na kobalti haviondoki kwa moto. Maji yakipungua kwa mvuke, madini yabaki yote chunguni. Maji yenye rangi ngeni, au yanayotoka upande wa mabaki ya mgodi, yasinywewe hata yakichemshwa. Mawe yasioshwe katika kijito kinachonywesha kijiji. Mume atokaye shimoni aache nguo zake za vumbi nje, aoge, ndipo amshike mtoto.

Mkusanyikapo na katekista wenu juma lijalo, mjibizane maswali haya. Mtu akimwaga uchafu mtoni usiku, na hakuna aliyemwona, amemwibia nani? Mnunuzi wa mbali, asiyejua kobalti yake imechimbwaje, ana wajibu gani? Na chemchemi ya kijiji chenu yatoka wapi, na juu yake kuna nini? Swali hili la mwisho msilijibu mkiwa mmekaa, nendeni mkaangalie.