Neno Kabla ya Mwisho: Mtazamaji wa Mara ya Kwanza na Tamthilia ya Upelelezi, kwa Kurejelea Wilaya ya Rungwe

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa kazi za upelelezi katika Kiswahili umezoea kusimama mwishoni mwa hadithi na kutazama nyuma. Mhakiki wa Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Mohamed Said Abdulla iliyoshinda katika mashindano ya Ofisi ya Vitabu ya Afrika Mashariki mwaka 1957-58 na kuchapwa mwaka 1960, huanza kwa kujua kwamba kifo cha Bwana Ali Marjab hakikuletwa na mzimu. Kwa hiyo kila dalili anayoitaja imekwisha kupata maana yake, na kila hofu ya wanakijiji inaonekana kuwa ujinga tangu ukurasa wa kwanza. Msomaji aliyeifungua riwaya hiyo kwa mara ya kwanza hakuwa na nafasi hiyo ya juu. Yeye alikuwa na mzimu, maiti na shaka. Bwana Msa alikuwa bado hajasema neno.

Makala haya yanamchunguza mpokeaji huyo wa mara ya kwanza, hasa yule wa tamthilia ya upelelezi inayotolewa sehemu kwa sehemu, redioni au katika televisheni. Dai lake ni kwamba maneno anayoyatamka mtazamaji kabla ya kuujua mwisho ni utendaji wenye kanuni zake, na kwamba Rungwe ni mahali panapofaa kuanzia uchunguzi huo, kwa kuwa baraza la mazungumzo lilikwisha kuwa na jina huko kabla ya televisheni kuwako.

2.0 Hadithi ya tatu

Mwaka 1966 Tzvetan Todorov alieleza kwamba kazi ya upelelezi hubeba hadithi mbili: ya uhalifu, ambayo imekwisha kutendeka lakini haionekani, na ya upelelezi, ambayo inaonekana lakini kazi yake ni kuifunua ile ya kwanza. Maelezo haya yanatosha kwa kitabu kilichoshikwa mkononi na msomaji mmoja. Hayatoshi kwa tamthilia inayokatwa ikaachwa kwa juma zima. Katika mapengo hayo huzuka hadithi ya tatu, ya wabahatishaji wenyewe: nani alimshuku nani, nani alibadili kauli, nani alijigamba akaumbuka.

Nguvu ya hadithi hii ya tatu imeonekana kwingi. Tamthilia ya Kimarekani Dallas ilimwacha J. R. amepigwa risasi mwezi Machi 1980, na watazamaji wakabaki na swali hilo hadi Novemba. Mfano mkali zaidi ni wa Charles Dickens, aliyefariki mwezi Juni 1870 akiwa ameandika nusu tu ya The Mystery of Edwin Drood. Kwa kuwa mwisho wake haupo, wasomaji wote wa riwaya hiyo, hata mabingwa, ni wasomaji wa mara ya kwanza. Hakuna aliye na haki ya kumcheka mwenzake.

3.0 Baraza la Rungwe

Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa kati ya miaka 1934 na 1938. Kitabu cha Monica Wilson cha mwaka 1951, Good Company, kimejengwa juu ya dhana ya ukwangala: raha na wajibu wa kukaa pamoja na wenzi wa rika, kula pamoja na kuzungumza kama watu walio sawa. Vijiji vya rika alivyovieleza vilikuwa, pamoja na mengine, mahali pa watu kunoana akili kwa maneno. Mtu mwenye chakula chake na nyumba yake lakini asiye na wa kuzungumza naye alihesabiwa kuwa amepungukiwa.

Vijiji hivyo havipo tena kwa sura aliyoieleza Wilson. Hata hivyo, anayetaka kuelewa kwa nini tamthilia ikitazamwa Tukuyu, wakati mvua imewafungia watu ndani, sauti za watazamaji hushindana na sauti ya seti yenyewe, hatakosea akianzia kwenye ukwangala badala ya kuanzia kwenye malalamiko ya kwamba watu hawajui kunyamaza. Kunyamaza ni adabu ya ukumbi wa sinema, na adabu hiyo ina kwao.

Jambo la pili ni la makazi. Mila iliyoandikwa na Wilson ilimtaka mkwe wa kike amwepuke kabisa baba wa mumewe, asikutane naye wala kumtazama. Sebule yenye seti moja inawaweka watu hao chini ya paa moja, mbele ya kioo kimoja, saa ileile. Hata pale ambapo mila imelegea, mtafiti hana budi kuuliza nani anayekisia kwa sauti na nani anayekisia moyoni mbele ya nani. Ukimya wa mmoja katika sebule hiyo haumaanishi kwamba hana mshukiwa wake.

4.0 Mshukiwa ni nani?

Hapa ndipo penye uzito wa suala lenyewe. Katika makala yake ya mwaka 1951 kuhusu imani za uchawi, Wilson alionyesha kwamba tuhuma miongoni mwa Wanyakyusa zilielekea kuwaangukia majirani wa kijiji kimoja, na kwamba mchawi aliaminika kusukumwa na uroho wa nyama na maziwa. Miongoni mwa Wapondo wa Afrika Kusini mambo yalikuwa mengine: tuhuma zilikaa zaidi baina ya mkwe wa kike na mama wa mumewe. Jamii ya Wanyakyusa ilikuwa pia na njia zake za kupata ushahidi. Maiti iliweza kupasuliwa ili kuangaliwa kama kifo kilikuwa cha uchawi, na mtuhumiwa aliweza kunyweshwa umwafi. Lilikuwapo, basi, swali la upelelezi, na ilikuwapo taratibu ya kulijibu. Tofauti ilikuwa katika kile kilichokubaliwa kuwa ni ushahidi.

Kanuni ya tamthilia ya upelelezi ni kumficha mkosaji nyuma ya mtu asiyeshukiwa. Kanuni ya tuhuma za kijirani ni kinyume chake: mkosaji ni yule ambaye kila mtu amekwisha kumwona akikodolea macho mali ya mwenzake. Mtazamaji anayetamka mapema kwamba muuaji ni jirani mwenye kijicho huenda akakosea kwa mujibu wa mwandishi wa mchezo, lakini hakubahatisha ovyo. Ameleta nadharia ya jamii. Kwa istilahi ya Hans Robert Jauss, ameleta upeo wake wa matarajio, na mchezo unafanya kazi kwa kugongana nao. Kama upeo huo wa kale ungali hai Rungwe, na kwa kiasi gani, ni jambo la kupimwa uwandani. Haifai kulichukua kutoka katika kitabu cha mwaka 1951 na kuwabandika watazamaji wa leo.

Abdulla aliutambua mgongano huu mapema kuliko wahakiki wake. Aliuweka mzimu kwenye jina la kitabu, akamwacha msomaji auogope, kisha akamleta Bwana Msa na kiko chake.

5.0 Sarufi ya kukisia

Mtazamaji wa mara ya kwanza anaweza pia kutambuliwa kwa sarufi yake. Aliyekwisha kuona husema: "Alimuua yeye." Asiyejua husema: "Atakuwa amemuua yeye." Kiambishi -ta- hapa hakielekezi wakati ujao hata kidogo, maana kifo kimekwisha kutokea, kinaelekeza kwenye hukumu itakayothibitishwa baadaye. Vitabu vya sarufi vinavyokiita -ta- kiambishi cha wakati ujao na kuishia hapo havina la kusema juu ya sentensi hiyo, ingawa ni miongoni mwa zinazosikika sana katika mazungumzo ya kila siku.

Vioneshi navyo vina kazi. Mhusika aliye kiooni ni "huyu". Akitoka na kuacha shaka huwa "yule", hata kama jina lake linajulikana, na "yule mwenye koti" anaweza kudumu sehemu kadhaa kabla ya kurudishiwa jina lake. Kisha huja "ndiye", neno la hatari, kwa kuwa anayelitamka amejifunga mbele ya mashahidi. Yafaa mtafiti azihesabu "ndiye" za kila sehemu na kuona zinaongezeka wapi. Aidha, aangalie lugha inabadilika lini: yamkini mshtuko ukatoka kwa Kinyakyusa na hoja ikajengwa kwa Kiswahili, au kinyume chake, na mpaka huo ungeeleza mengi juu ya kazi za lugha hizo mbili katika nyumba moja.

Kwa filamu za kigeni huongezeka mtu wa tatu. Wafasiri wa vibanda vya video, ambao Derek Gasper Mukandala aitwaye Lufufu ndiye mashuhuri wao, husimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili. Mfasiri amekwisha kuuona mwisho. Kila anapompa mhusika jina la utani au kumkemea, aweza kuvujisha siri. Fanani wa namna hii anastahili makala yake.

6.0 Suala la mbinu

Mchezo wa redio Twende na Wakati, ulioanza kurushwa na Radio Tanzania Dar es Salaam mwezi Julai 1993, ulichunguzwa kwa makini kuliko michezo mingi ya Afrika. Eneo la Dodoma liliachwa bila kurushiwa hadi mwaka 1995 ili kuwa kipimo cha kulinganishia. Utafiti huo uliuliza kama wasikilizaji walibadili mienendo yao baada ya kumjua Mkwaju, dereva wa lori, na mkewe Tunu. Kwa swali hilo, hojaji ya baadaye ilifaa.

Kwa swali la makala haya haifai. Mtu akishaujua mwisho huirekebisha kumbukumbu yake, na aliyemshuku jirani kwa sehemu sita atasema kwa moyo mweupe kwamba alimjua muuaji tangu mwanzo. Kinasa sauti hakina budi kuwapo sebuleni, kwa ridhaa ya wenye nyumba, tangu sehemu ya kwanza. Nafasi ni moja kwa kila mtazamaji na kwa kila mchezo. Na tangu sahani za DVD zilipoanza kuuzwa zikiwa na mfululizo mzima, lile pengo la juma moja limebaki kutegemea mtu kuchoka, au umeme kukatika.