Dania ni Chakula, Tembe Usiache

Fungu la dania unalonunua kwa mama mboga hapa Shanzu, wengine tukiliita kotmiri, lina mengi kuliko harufu. Majani yake yana betakarotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A ya macho na kinga. Yana pia vitamini C, na vitamini K inayogandisha damu unapojikata. Betakarotini hufyonzwa vizuri palipo na mafuta, kwa hiyo tui la mchuzi wa samaki linasaidia. Vitamini C huharibiwa na moto: nyunyiza dania sufuria ikishaepuliwa.

Harufu yenyewe hutoka kwenye mafuta mepesi ya jani. Anayesema dania inanuka sabuni hadeki. Kemikali za mafuta hayo ni za jamii moja na zilizomo kwenye baadhi ya sabuni. Mojawapo ya kemikali hizo za dania ni dodesenali, ambayo mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Marekani, waliona inaua bakteria wa salmonela maabarani. Ndipo husikika kwamba dania inasafisha tumbo. Lakini maabarani kemikali ilipimwa peke yake. Kwenye kachumbari yako, jani lililomwagiliwa maji machafu huingia kinywani na uchafu wake. Kipindupindu kilichozuka Kenya Oktoba 2022 kilisambaa kwa njia hiyo hiyo ya maji na vyakula vichafu.

Basi kata mizizi, tenganisha vishina, suuza mara kadhaa kwa maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Maji ya mkokoteni, hata yakiwa meupe namna gani, yatie dawa kwanza. Kibao ulichokatia samaki mbichi usikatie dania kabla ya kukiosha kwa sabuni.

Wapo wanaochemsha dania na kunywa maji yake kwa ajili ya presha au sukari. Majaribio mengi yanayotajwa yalifanywa kwa panya. Kula dania, na tembe za kliniki meza kama ulivyoelekezwa.

Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, awe mwangalifu zaidi. Gramu 100 za majani mabichi zina takriban mikrogramu 310 za vitamini K, na mtu mzima huhitaji 90 hadi 120 kwa siku. Dania ya mchuzini haina neno. Hatari ni kuanza ghafla kunywa glasi nzima ya juisi yake, kwani hupunguza nguvu ya dawa. Kama kuna mzee nyumbani anayemeza warfarini, muulizeni daktari kabla ya kumpa juisi ya majani yoyote.