Kwa Nini Maji Huishinda Lami?

Msimu wa mvua uliopita, karibu na kwetu Hima, mjomba alianguka na bodaboda kwenye shimo, akavunjika mguu. Tangu siku hiyo nasoma somo la lami kwa jicho jingine.

Lami ya barabara ni kokoto zilizoshikwa na bitumini. Kokoto zenye silika nyingi, kama graniti, huvuta maji kuliko bitumini. Maji yakipenya huibandua bitumini kwenye jiwe. Magari yakipita, kokoto hung'oka, shimo likazaliwa.

Tiba mojawapo ni polima iitwayo SBS, kwa kawaida asilimia 3 hadi 5 ya uzito wa bitumini. Huifanya inate zaidi, inyumbulike, na izungushie jiwe utando mnene. Nyingine ni chokaa iliyozimwa, na sisi wa Hima tunaishi juu ya mawe ya chokaa.

Maabarani tunapasua sampuli kavu na zilizoloweshwa. Zilizolowa zikibakiza nguvu chini ya asilimia 80, mchanganyiko huo kwa kawaida hukataliwa.

Ndugu mhandisi mtarajiwa, kipimo hicho ni amana. Usitie sahihi kabla ya kukiona.