Stesheni ya mbali haiji kwa kupandisha sauti: Linda masikio yako

Kusaka stesheni za mbali redioni ni burudani ya zamani ambayo haijafa. Wapo watu katika mtaa wa Pipeline, huku Eastlands, ambao giza likiingia huketi na redio ndogo ya betri, huiweka kwenye MW na kugeuza kipimo polepole wakitafuta sauti kutoka nchi za Ghuba, Kongo au kusini mwa Afrika. Hawatafuti muziki, huo umejaa tele kwenye FM. Wanachotaka ni kunasa sauti dhaifu iliyosafiri mamia au maelfu ya kilomita, kuitambua ni ya nani, na kuiandika daftarini.

Kwa upande wa afya, burudani hii ina mengi ya kusifiwa. Haina gharama kubwa, inazoesha akili kutulia, na humpa mtu anayeishi peke yake katika chumba kimoja jambo la kungojea jioni. Lakini ina hatari tatu: kuharibu masikio, kupunguza usingizi, na kumtia mtu katika hatari ya kunaswa na stima. Zote zinaweza kuepukwa. Tena, kama tutakavyoona, mbinu zinazolinda afya ya msikilizaji ndizo hizo hizo zinazoileta stesheni ya mbali.

Kwa nini sauti za mbali huja usiku?

Mchana, miali ya jua hujenga tabaka la hewa yenye chembe za umeme, kiasi cha kilomita 60 hadi 90 juu yetu. Tabaka hilo humeza mawimbi ya kati yanayopaa angani, na ndiyo sababu mchana unasikia stesheni za karibu tu. Jua likitua, tabaka hilo hutoweka. Mawimbi sasa hupaa zaidi ya kilomita 100, hugonga matabaka ya juu zaidi na kurudishwa ardhini mbali sana na yalikotoka.

Hapa Afrika mawimbi ya kati huanzia kilohezi 531 hadi 1602, na nafasi za stesheni huachana kwa kilohezi 9. Nafasi hizo ni chache, kwa hiyo stesheni za nchi mbalimbali hutumia nafasi moja. Usiku zote huja pamoja, moja ikipanda na nyingine ikishuka, kama watu wawili wanaozungumza kwa zamu nyuma ya ukuta. Ongeza juu yake mikwaruzo ya radi za mbali, hasa zile za upande wa Ziwa Victoria ambako radi ni nyingi, na utaelewa kwa nini msikilizaji hushawishika kupandisha sauti.

Kwa nini kupandisha sauti hakusaidii?

Redio hupokea vitu viwili kwa pamoja: stesheni na kelele. Ukipandisha sauti unavikuza vyote viwili kwa kiasi kile kile. Stesheni haikusogea karibu hata hatua moja. Kilichoongezeka ni mzigo wa sikio. Kinachofanya maneno yasikike ni tofauti kati ya stesheni na kelele, na tofauti hiyo huongezeka kwa kupunguza kelele au kuelekeza redio vizuri.

Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kidogo kilichojikunja kama konokono. Humo mna seli kiasi cha 15,000 zenye vinywele vidogo sana ambavyo hutikisika sauti inapoingia na kupeleka habari kwenye ubongo. Sauti kubwa huvichosha vinywele hivyo, na ikiendelea huviua. Ngozi ikikatwa hupona na mfupa ukivunjika huunga, lakini seli hizi kwa binadamu zikifa hazioti tena. Hakuna dawa wala sindano ya kuzirudisha.

Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba usikilizaji wa sauti ya desibeli 80 usizidi saa 40 kwa wiki. Kila desibeli 3 zinazoongezeka, muda huo hupungua kwa nusu: desibeli 83, saa 20, desibeli 86, saa 10, desibeli 89, saa 5 tu kwa wiki nzima. Nyongeza ndogo kwenye kifundo cha sauti inaweza kugeuza burudani salama kuwa ya hatari.

Tuchukue mfano wa fundi anayeishi Pipeline na kufanya kazi kiwandani Industrial Area. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 kuhusu kelele kazini zinaweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa 8. Fundi huyu hushinda karibu na mashine, hupanda matatu yenye muziki mkubwa, kisha usiku huvaa hedifoni kusaka stesheni. Yeye huhesabu kwamba redio ni mapumziko. Sikio halijui hesabu hiyo. Kwake hiyo ni zamu ya tatu. Tena, baada ya kelele za mchana sikio huwa limezubaa kidogo, kwa hiyo mtu huhitaji sauti kubwa zaidi ili asikie kama kawaida. Mtu wa namna hii avae vizuia kelele kazini, na jioni alipumzishe sikio mahali penye utulivu kabla ya kuwasha redio.

Punguza kelele, si sauti ya stesheni

Haya ndiyo mambo ya kufanya, kwa utaratibu:

1. Tumia redio ya betri. Kisha chomoa chaja za simu, zima runinga, na ujaribu kuzima taa. Taa nyingi za LED na chaja za bei nafuu hutoa mngurumo unaofunika mawimbi ya kati. Katika ploti yenye vyumba vingi huwezi kuzima vya majirani, lakini vya kwako peke yake mara nyingi huleta nafuu kubwa.

2. Sogea dirishani au kwenye baraza. Kuta za mawe na vyuma huzuia mawimbi. Usiegemee ukingo wa baraza wala kupanda juu ya kiti.

3. Izungushe redio yenyewe. Ile antena ndefu ya kuvuta haisaidii MW. Antena ya MW ni kijiti cheusi kilichofungwa waya ndani ya redio, nacho husikia zaidi kwa ubavu kuliko kwa ncha. Ielekeze ncha upande wa kelele, na mara nyingine stesheni iliyofichwa hujitokeza.

4. Tengeneza kitanzi cha waya. Zungusha waya wenye ngozi ya plastiki mara kumi hivi kwenye fremu ya mbao ya nusu mita kila upande, ukiacha nafasi ndogo kati ya mizunguko, kisha unganisha ncha zake mbili na kapasita ya kubadilika kutoka kwa redio iliyokufa. Weka redio kando ya kitanzi bila kuiunganisha na chochote, geuza kapasita taratibu, na utasikia stesheni ikivimba.

5. Ukitumia hedifoni, chagua zinazofunika sikio lote. Zikizuia makelele ya barabarani, hutahitaji kupandisha sauti ili kuyashinda.

6. Shusha sauti kabla ya kugeuza kipimo au kuhamia FM. Mtu anayenyemelea sauti dhaifu akiangukia ghafla stesheni ya karibu yenye nguvu hupigwa na mlipuko wa sauti ndani ya sikio.

7. Kila baada ya saa moja, vua hedifoni kwa dakika kumi.

Kipimo rahisi ni hiki: ukiwa umevaa hedifoni, mtu aliye umbali wa mkono mmoja akizungumza kwa sauti ya kawaida nawe humsikii, punguza.

Jambo jingine la kupumzisha roho ni kwamba mchezo huu haudai usikie kila neno. Wasikilizaji duniani huandika ripoti kwa tarakimu tano, kila moja kuanzia 1 hadi 5: nguvu ya stesheni, mwingiliano wa stesheni nyingine, kelele, kupanda na kushuka kwa sauti, na usikivu wa jumla. Stesheni nyingi zilikuwa zikipokea ripoti hizo na kumtumia msikilizaji kadi ya kuthibitisha. Basi ukisikia vibaya, andika 2 kwa uaminifu. Hiyo ni habari yenye faida, na haikukugharimu sikio.

Usingizi usiwe bei ya burudani

Wengi hudhani stesheni za mbali huja saa nane za usiku tu. Hivyo hukesha, na asubuhi huenda kazini macho mekundu. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa saba au zaidi. Usingizi ukipungua siku baada ya siku, shinikizo la damu huelekea kupanda, hasira huwa karibu, na hatari ya ajali barabarani na kwenye mashine huongezeka.

Sisi tunaoishi karibu na ikweta tumebarikiwa. Jijini Nairobi jua hutua karibu na saa kumi na mbili na nusu jioni na kuchomoza karibu na saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwaka mzima, kwa tofauti ndogo tu. Jua linapotua hapa, nchi za mashariki yetu kama Oman na India tayari zina giza. Kwa hiyo kati ya saa moja na saa tatu usiku njia ya mashariki huwa wazi. Alfajiri, saa kumi na moja, Kongo na nchi za Afrika Magharibi bado ziko gizani, na njia ya magharibi nayo iko wazi. Lala saa nne, amka saa kumi na moja, na utakuwa umesikiliza pande zote mbili za dunia ukiwa na saa zako saba mkononi.

Hatari ya waya na stima

Hapa ndipo ninapowasihi wasomaji wa Pipeline na mitaa inayofanana nayo. Nyumba zetu ni ndefu na zimesongamana, na nyaya za stima hupita karibu na mabaraza na mapaa. Usirushe waya wa antena kutoka ploti moja hadi nyingine. Usiuvute juu, chini wala kando ya nyaya za stima, na usiufunge kwenye nguzo. Waya ukianguka au upepo ukiupeperusha hadi kwenye laini ya stima, nguvu hiyo huteremka hadi kwenye redio na mkono ulioishika. Hata stima ya kawaida ya nyumbani, volti 240, inatosha kuua kwa kuvuruga mapigo ya moyo. Kitanzi cha ndani nilichoeleza hapo juu kinaondoa haja ya kupanda paani. Na msimu wa mvua, radi ikianza kunguruma karibu, ingia ndani uache baraza.

Mtu akinaswa na stima, usimguse. Zima swichi kuu kwanza. Kama amenaswa na laini ya nje, kaa mbali, wazuie wengine wasimkaribie, na itaneni Kenya Power haraka. Akishatenganishwa na stima, ikiwa hajitambui na hapumui kama kawaida, mkandamize katikati ya kifua kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku wengine wakitafuta gari la kumpeleka hospitali. Hata aliyeinuka na kusema yuko sawa ni lazima apimwe.

Je, ni redio au ni sikio?

Msikilizaji wa stesheni dhaifu ana nafasi nzuri ya kugundua mapema kwamba usikivu wake unapungua. Jiulize:

Je, mke, mume au mtoto wako husikia maneno kwenye redio hiyo hiyo, kwa sauti hiyo hiyo, ambayo wewe huyasikii? Je, sikio moja linasikia vizuri kuliko jingine? Je, unazisikia sauti lakini s, f na sh zinakupotea? Je, ukizima redio unabaki na mlio au mvumo masikioni? Je, unaambiwa mara kwa mara kwamba redio yako ni kubwa mno?

Ukijibu ndiyo hata kwa moja, nenda ukapimwe. Mara nyingine tatizo ni nta tu, na huondolewa kwa dakika chache. Usijichokoe kwa njiti ya kiberiti, kifuniko cha kalamu, ufunguo wala pamba ya kijiti. Vitu hivi husukuma nta ndani na vinaweza kutoboa kiwambo cha sikio. Mwambie daktari dawa unazotumia pia, kwa kuwa baadhi, kama sindano za gentamicin na dawa ya kwinini, huweza kudhuru usikivu au kuleta mlio.

Jambo moja lisingoje hata siku moja: sikio likiziba ghafla na kuacha kusikia, bila sababu, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Hali hiyo ina matibabu, lakini yakichelewa nafasi ya kupona hupungua sana. Wakazi wa Embakasi wanaweza kuanzia kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Mama Lucy Kibaki, nao wataelekezwa kwa mtaalamu wa masikio, pua na koo ikihitajika.

Endeleeni basi kusaka stesheni zenu. Redio mbovu hununuliwa nyingine, hata ikiwa ya mtumba. Masikio mnayo mawili tu, na hayana duka.