Mashine ya mawimbi kwa maumivu ya kisigino: Jua haya kabla ya kulipa

Msomaji, huenda umesikia jirani akiisifu, au umeona tangazo lake mlangoni pa kliniki moja ukitoka daraja la Nyali kuingia Buxton: mashine inayoondoa maumivu ya kisigino, bega na kiwiko bila sindano wala kisu. Wagonjwa wanaonijia huuliza maswali mawili. Je, ni kweli? Na je, nikatoe pesa zangu? Swali la kwanza jibu lake ni kwamba kuna ukweli, lakini si kwa kila maumivu. La pili linategemea umefanya nini kabla ya kufika kwenye mashine.

Tuanze na jina. Tiba hii huitwa tiba ya mawimbi ya mshtuko, na neno hilo “mshtuko” limewatisha wengi wakadhani watapigwa na umeme. Sivyo. Mawimbi haya ni ya msukumo, ndugu wa sauti. Ukisimama karibu na ngoma kubwa ikipigwa, kifua chako huhisi kitu kikigonga ingawa hakuna aliyekugusa. Ni msukumo wa namna hiyo, ila mkali zaidi na wa muda mfupi mno.

YALIANZIA KWENYE FIGO

Chanzo cha tiba hii ni kiwanda cha ndege cha Dornier huko Ujerumani. Wahandisi wake walikuwa wakichunguza jinsi matone ya mvua yanavyoiumiza ndege iendayo kasi kuliko sauti, na uchunguzi huo ukawapa wazo la kutumia mawimbi kuvunja mawe ya figo. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa Munich Februari 1980, akiwa amelazwa ndani ya hodhi la maji ili mawimbi yapate njia ya kuingia mwilini. Baadaye madaktari wa mifupa waliyajaribu mawimbi hayo kwa mifupa iliyovunjika ikakataa kuunga, kisha kwa kano zinazouma. Mwaka wa 2000 Marekani iliidhinisha mashine ya kwanza ya namna hii kwa maumivu ya kisigino, kwa sharti kwamba mgonjwa awe ameumwa kwa miezi sita au zaidi na matibabu ya kawaida yamemshinda. Naomba ulikumbuke sharti hilo.

Mashine zenyewe ni za aina mbili, na afaa mgonjwa aulize atatibiwa kwa ipi. Ya kwanza hukusanya mawimbi yakakutana mahali pamoja ndani ya mwili, kama miale ya jua inavyokutana chini ya kioo cha kukuza. Ya pili ni rahisi zaidi, nayo ndiyo unayoweza kuikuta katika kliniki ndogo. Ndani ya mkono wake mna kipande cha chuma kinachosukumwa na upepo wa kompresa, kikaenda kugonga kichwa cha chombo kilichokaa juu ya ngozi. Msukumo wa upepo huo mara nyingi ni kati ya bar 2 na 4. Bar 2 ni karibu sawa na upepo wa gurudumu la gari dogo. Nguvu yake ni kubwa juu ya ngozi na hupungua kadiri inavyozama. Kwa kisigino, ambapo kidonda hakiko mbali na ngozi, aina hii yaweza kutosha.

Utapakwa jeli, ile ile ya kupimia mimba kwa picha, kisha chombo kitakugonga kwa kasi. Kwa kawaida ni vipigo 2,000 kwa siku. Kwa kasi ya vipigo 10 kwa sekunde, hiyo ni zaidi kidogo ya dakika tatu. Hurudiwa mara tatu, wiki moja moja ikipita katikati. Inauma, na atakayekuambia haiumi hajawahi kuwekewa. Hata hivyo, usiombe sindano ya ganzi. Majaribio yalionyesha kwamba ganzi hupunguza faida ya tiba hii, na isitoshe, maumivu yako ndiyo yanayomwonyesha mtaalamu mahali penyewe pa kugonga.

Jinsi mawimbi yanavyoponya bado wataalamu wanajadiliana. Inadhaniwa kwamba vipigo huiamsha sehemu iliyochoka, mishipa midogo ya damu ikachipuka upya na neva zinazobeba maumivu zikatulia. Lisilo kweli ni lile la kwamba mashine inavunja “mwiba” wa mfupa ulioonekana kwenye eksirei. Mwiba huo hautavunjika, na wala hauhitaji kuvunjwa. Watu wengi wanatembea nao wasijue, na wengine wenye kisigino kikali hawana hata chembe yake.

NI MAUMIVU YAPI?

Chini ya wayo, kutoka kisigino hadi kwenye vidole, kuna ukano mpana unaoshikilia upinde wa mguu. Ukichoka, ndipo huja yale maumivu ambayo wengi wenu mnayajua: ukishuka kitandani alfajiri, hatua za kwanza ni kama kukanyaga msumari, ukitembea kidogo yanapoa, jioni yanarudi. Huwapata sana wanaosimama kutwa juu ya saruji, kama vile mwalimu darasani, hamali wa Marikiti au mama wa mahamri mbele ya karai. Uzito wa mwili huchangia, na ndara nyembamba zilizolika nyuma pia.

Habari njema ni kwamba wagonjwa wengi hupona ndani ya mwaka mmoja bila mashine yoyote, mradi wafanye kazi. Asubuhi kabla hujakanyaga chini, keti kitandani, weka mguu unaouma juu ya goti la mwenzake, ushike vidole na uvivute kuelekea muundi mpaka uhisi ukano umekazika. Hesabu hadi 10, uachilie, urudie mara 10. Fanya hivyo mara tatu kwa siku. (Anayekaa tahiyatu huku amekunja vidole vya mguu wa kulia anaujua mvuto huu; ukikuuma hapo, basi ndio ukano wenyewe.)

Zoezi la pili linataka ngazi, na majengo marefu ya Buxton ya siku hizi hayakosi ngazi. Simama ukingoni mwa kidato kwa mguu mmoja, taulo iliyokunjwa ikiwa chini ya vidole, ushike reli. Panda juu ya vidole kwa sekunde tatu, tulia mbili, shuka kwa sekunde tatu. Rudia mpaka mguu uchoke, kama mara 12, upumzike, kisha urudie awamu mbili zaidi. Siku moja fanya, siku moja pumzika. Utafiti uliofanywa Denmark na kutolewa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba waliofanya zoezi hili walikuwa na nafuu kubwa zaidi baada ya miezi mitatu kuliko waliovuta wayo tu. Gharama yake ni taulo. Ongeza viatu vyenye kisigino laini kilichoinuka kidogo, na usitembee pekupeku juu ya sakafu ngumu ya nyumbani.

Wengi hukimbilia sindano ya diklofenaki dukani kila wiki. Dawa hiyo hutuliza lakini haimponyi mtu ukano, na ikizoewa inaweza kuumiza tumbo na figo na kupandisha presha.

USHAHIDI UNASEMA NINI

Kwa kisigino kilichoshindikana, majaribio mengi yameonyesha faida na mengine hayakuona kitu. Mwaka wa 2009 taasisi ya Uingereza ya NICE ilisema kwamba tiba hii haina hatari kubwa ila ushahidi wa manufaa yake haulingani. Kwa bega, wachunguzi wa Cochrane walikusanya majaribio 32 mwaka wa 2020 na wakaona faida chache za maana. Binafsi naiona kuwa tiba ya hatua ya pili: kwa mgonjwa aliyefanya mazoezi kwa miezi sita kwa uaminifu na bado anachechemea, naweza kumpeleka. Kwa aliyeanza kuumwa wiki tatu zilizopita, hapana. Na kwa maumivu ya kiuno, hifadhi pesa zako.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ya pesa ni maumivu yanayogongwa kabla hayajachunguzwa. Mwenye kisukari ambaye miguu inawaka moto usiku na ganzi imeingia vidoleni, tatizo lake ni la neva. Ukimgonga mguu usiohisi, utamwumiza asijue, na kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari kinaweza kuishia kwenye kukatwa. Maumivu ya mgongo yanayokuja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda yanaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, na kila wiki inayopotea huko ni wiki ya kuelekea kupooza. Kijana mwenye ugonjwa wa siko seli, ambao hapa Pwani si mgeni, akilalamika nyonga, huenda mfupa unakufa kwa kukosa damu. Hawa wote mahali pao pa kwanza ni kwa daktari, na hospitali kuu ya Pwani iko hapa hapa kisiwani.

Hata ukano ukiwa ndio unaouma, wapo wasiofaa kuwekewa mashine. Mjamzito, anayetumia warfarini au mwenye maradhi ya damu kutoganda, mwenye saratani au usaha mahali pale, na mwenye mashine ya moyo, wote waseme mapema. Mtoto ambaye mifupa yake bado inakua asigongwe penye ncha za mifupa hiyo. Kifuani juu ya mapafu pasiguswe kabisa. Na kama ulidungwa sindano ya steroidi kwenye ukano, subiri angalau wiki sita.

Ukishaamua, muulize mhudumu kama amesajiliwa na baraza la wataalamu wa tiba ya viungo au la madaktari. Kuuliza si utovu wa adabu. Jihadhari na kifurushi cha mara kumi kinacholipiwa chote mbele. Lipia kila siku ya tiba. Baada ya kugongwa, ngozi inaweza kuwa nyekundu au kuvilia damu kwa siku chache, na maumivu yanaweza kuzidi usiku ule, panadoli zitatosha. Pumzika kukimbia na kubeba mizigo kwa siku mbili, lakini zoezi la ngazi liendelee. Nafuu huja polepole, hivyo pima hali yako baada ya wiki 12. Kama kufikia hapo hatua za alfajiri bado ni zile zile, usinunue awamu nyingine. Rudi kwa daktari uchunguzwe upya.